Krismasi haina kiingilio: barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa ya Mombasa

Kwa Baba Maaskofu, mapadri, wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya na wenyeviti wa kamati za Krismasi, kuanzia Mvita hadi Likoni, Changamwe, Jomvu, Kisauni na Nyali.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Tunaowaandikia ni makatekista, walimu wa Shule ya Jumapili na wakaribishaji wa mlangoni kutoka madhehebu mbalimbali ya mji huu. Ombi letu ni moja. Ibada za Krismasi zipangwe ili mtu anayejiona hatoshi aisikie Habari Njema kabla hajadaiwa chochote: pesa, nguo, maelezo ya alikokuwa mwaka mzima, wala uso wa furaha. Nia njema tunaijua mnayo. Lakini kila Desemba mambo yaleyale huharibika kwa sababu zilezile, na nyingi ya sababu hizo zimo katika ratiba, matangazo na mpangilio wa viti, mahali ambapo kamati inaweza kuzirekebisha.

Tunaomzungumzia mnamjua. Ni baba wa mtaa wa Bangladesh kule Mikindani aliyekuwa kibarua bandarini na haitwi tena. Ni mama asiye na nauli ya kwenda bara, anayewaona majirani wakipanda mabasi Mwembe Tayari na kujifanya kwamba ameamua mwenyewe kubaki. Ni binti aliyezaa kwao, na tangu mimba ionekane hajakanyaga kwaya. Ni mume na mke ambao miaka inapita na mtoto hawajapata, nao wanaletewa ibada nzima inayomhusu mtoto. Ni aliyeacha pombe akairudia. Ni kijana wa shahada anayeendesha tuktuk ya mtu na kukwepa njia inayopita mbele ya kanisa alikoombewa alipofuzu. Wote hawa wanaamini. Wamebaki nyumbani kwa sababu wamefundishwa na dunia kwamba mkono mtupu haulambwi, na hakuna aliyewaambia kwa vitendo kwamba kwa Mungu hesabu ni nyingine.

Basi tuanze na Maandiko yenyewe, maana huko ndiko hoja yetu ilikosimama.

Injili ya kesha la Krismasi katika kitabu cha masomo cha Kanisa Katoliki ni Mathayo 1:1-25, yaani ukoo wa Yesu na habari ya Yusufu. Kipo kipande kifupi kinachoruhusiwa, aya ya 18 hadi 25, na mara nyingi hicho ndicho husomwa. Tunaelewa: majina ni mengi na ulimi hukwama kwa Yekonia na Shealtieli. Lakini aya zile 17 za mwanzo hazichukui zaidi ya dakika tatu, na ndani yake mna watu ambao familia nyingine zingewafuta kwenye kumbukumbu. Yumo Tamari, mjane aliyedhulumiwa na baba mkwe wake Yuda hadi akajifanya kahaba ili apate haki yake. Yumo Rahabu wa Yeriko. Yumo Ruthu Mmoabu, wa taifa ambalo Kumbukumbu la Torati 23:3 lilikataza lisiingie katika mkutano wa Bwana. Yumo mama yake Sulemani, ambaye Mathayo anamwita tu mke wa Uria, kusudi dhambi ya Daudi isifunikwe. Yumo mfalme Manase, aliyempitisha mwanawe motoni na kuujaza Yerusalemu damu isiyo na hatia. Mungu hakungoja ukoo usafishwe ndipo Mwanawe azaliwe ndani yake.

Anayetoka katika familia yenye jambo lisilotajwa mezani anahitaji kuusikia ukoo huu ukisomwa kwa sauti kanisani, usiku wa Krismasi, bila kurukwa. Mpeni msomaji majina hayo wiki mbili kabla. Ayasome mara tatu mbele ya katekista au mzee wa kanisa, akipumzika kidogo baada ya kila jina la mwanamke. Mhubiri naye atumie dakika mbili tu kueleza walikuwa nani. Makanisa yasiyofuata kitabu cha masomo yana uhuru zaidi na hayana cha kuyazuia.

Luka naye haanzi na hori. Anaanza na Elizabeti, mwanamke aliyeitwa tasa, ambaye akipata mimba anasema Bwana ameniondolea aibu yangu mbele ya watu. Hapo tahadhari inahitajika. Ukihubiri kana kwamba kila asiye na mtoto atapata kama Elizabeti, umewaumiza waliokuja. Kilicho hakika katika sura ile ni kwamba Luka anawaita Zakaria na Elizabeti wenye haki mbele za Mungu katika aya ya 6, kabla ya mimba yoyote. Aibu waliyowekewa na watu haikuwa hukumu ya Mungu. Lihubirini hilo, na kwenye salamu za Krismasi msiwasimamishe akina mama watarajiwa au wenye watoto wachanga wapigiwe makofi. Kuna anayeketi wakati huo.

Kisha Mariamu. Wimbo wake tunaujua, lakini tusisitize anachokitaja kwanza kuhusu nafsi yake: Mungu ameutazama unyonge wa mjakazi wake. Hasemi Mungu ameona uwezo wake, na hasemi unyonge ule ulikuwa hadithi tu. Ulikuwepo, ukatazamwa. Mbele kidogo anaimba kwamba wenye njaa wameshibishwa mema na wenye mali wameondolewa mikono mitupu. Kama wimbo huo unaimbwa katika ibada zenu za jioni mwaka mzima, uimbwe pia wakati sadaka inapotolewa siku ya Krismasi, uone utakavyosikika.

Wachungaji wa kondeni, Luka anasema, walikuwa wakilinda kundi kwa zamu usiku. Mombasa inaelewa neno zamu. Mlinzi wa geti kule Nyali, mhudumu wa hoteli ya Shanzu, dereva wa lori la makontena, muuguzi wa wodi, mfanyakazi wa bandari: habari ya kwanza ya kuzaliwa kwa Bwana ililetwa kwa watu wa namna hiyo, wakiwa kazini, na nguo za kazi. Malaika hakuwaambia wakaoge wala wakabadilishe. Luka hataji zawadi yoyote waliyobeba. Dhahabu, uvumba na manemane vimo kwa Mathayo, vililetwa na mamajusi waliofika baadaye na kumkuta mtoto nyumbani. Waliokuja mikono mitupu ndio waliotangulia.

Na sasa sadaka. Tunaomba mkae na Luka 2:22-24, aya ambazo hazihubiriwi vya kutosha. Siku za kutakaswa kwa Mariamu zilipotimia, wazazi walimpeleka mtoto Yerusalemu wakatoa sadaka ya hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Fungueni Walawi 12. Sadaka ya mama aliyejifungua ilikuwa mwana-kondoo wa mwaka mmoja pamoja na kinda la njiwa au hua. Aya ya 8 ndiyo inayomruhusu asiyeweza kumudu kondoo alete ndege wawili. Kwa hiyo mama wa Bwana alitoa sadaka ya maskini, kwa ruhusa ya sheria, hadharani, na kuhani aliipokea kama ya mwingine yeyote. Sheria ile inasema aliyeleta ndege ametakasika sawasawa na aliyeleta kondoo.

Lipimeni hilo na desturi ya kuita watu mbele kwa viwango. Mnaijua: wenye elfu tano waje kwanza tuwaombee, halafu wenye elfu moja, halafu mia tano, halafu "wote waliobaki". Kwa utaratibu huo Mariamu na Yusufu wangekuwa kwenye kundi la waliobaki, na Mtoto mikononi. Tunasema haya kwa uchungu, kwa sababu tumewaona watu wakitoka nje kwenda chooni wakati huo na kutorudi.

Dawa yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Siku ya Krismasi pasiwe na viwango. Tumieni mifuko ya kitambaa mirefu yenye mdomo mwembamba, mkono uzame hadi kifundo, ipite kwenye viti badala ya watu kupita mbele ya kapu lililo wazi. Asiye na kitu ataingiza mkono kama jirani yake na hakuna atakayejua. Kama ni bahasha, zigawiwe kwa kila mtu au zisigawiwe kabisa, na zisiwe na mahali pa kuandika jina. Namba ya kutuma kwa simu itangazwe mara moja au ibandikwe ukutani. Jumbe za waliotuma zisisomwe kwenye kipaza sauti. Shukrani, ahadi na harambee ya jengo vihamishiwe Jumapili nyingine. Mweka hazina ataogopa kwamba makusanyo yatashuka, na hofu yake ni halali, maana bili ya umeme hailipwi kwa aya. Jibu letu ni kwamba harambee ya jengo ikitangazwa mapema na kupewa Jumapili yake huwa na wachangaji waliojiandaa, wakati Krismasi huwakuta watu wameshamaliza fedha kwa nauli na nguo. Lakini hata kama fedha zingepungua, bado tungeomba hivi.

Tukiacha sadaka, kinachowazuia wengi ni nguo, hasa za watoto. Desturi ya nguo mpya ya Krismasi ina furaha yake na hatutaki kuivunja. Tatizo ni kwamba mtoto asiyeipata hufichwa nyumbani, na mzazi wake hubaki naye. Kutangaza "njooni na nguo mlizo nazo" hakutoshi, kwa sababu mtu huamini macho yake. Viongozi wenyewe wavae nguo ambazo waumini wameshaziona. Kamati isianzishe sare mpya ya kitenge mwezi wa Novemba. Kwaya nyingi huchangisha fedha za sare, na asiyemaliza kulipa huambiwa kwa upole akae na waumini siku hiyo. Hapo amevuliwa nafasi yake mbele ya wote. Shati au blauzi nyeupe, sketi au suruali nyeusi, na kipande cha leso begani vinatosha kwaya nzima kuonekana moja. Na joto la Desemba tunalijua. Suti na gauni la nailoni havimtukuzi Mungu zaidi ya pamba.

Igizo la watoto ndilo tunalolijua zaidi, basi mtuvumilie tukikaa hapa. Linaharibika pale mwalimu anapochagua Mariamu kwa uzuri, malaika kwa nguo nyeupe ambayo mzazi ana uwezo wa kuishona, na mamajusi kwa watoto wa wazee wa kanisa. Waliobaki huambiwa wakae wapige makofi. Mtoto wa miaka saba anaelewa vizuri sana maana ya kubaki.

Andiko lenyewe linatupa njia. Luka anataja wingi wa jeshi la mbinguni bila idadi, na wachungaji nao bila idadi, kwa hiyo hakuna sababu ya mtoto yeyote kukosa nafasi. Katika Injili zote nne Yusufu hasemi hata neno moja lililoandikwa. Nafasi hiyo mpeni mtoto mwenye kigugumizi au mwoga wa kusema, na mweleze kwamba amepewa kazi kubwa: kusikiliza, kuamka, kumchukua mtoto na mama yake. Mavazi yote yawe ya leso. Jozi moja ya leso za Mtaa wa Biashara ikikatwa katikati inavisha watoto wawili, mmoja kujifunga kichwani kama mchungaji na mwingine begani kama malaika. Leso ziwe mali ya kanisa, zikusanywe baada ya igizo, zifuliwe, zihifadhiwe. Watoto 30 ni jozi 15, na nyingi mtazipata kwa akina mama bila kununua mpya. Mazoezi yawe Jumamosi nne, saa moja kila mara, na chai na mkate baada yake, kwa kuwa wapo wanaofika bila kula. Maneno yasomwe na msimulizi mmoja mkubwa. Watoto watende tu. Hapo anayesahau hana cha kusahau. Hori liwe kreti la mbao la Kongowea na nyasi kavu. Fransisko wa Assisi alipotengeneza hori kule Greccio mwaka 1223 alitumia nyasi, ng'ombe na punda, akaona vinatosha.

Kuhusu muda. Kesha linaloanza saa tano usiku humfaa mwenye gari. Anayerudi Likoni atavuka feri akiwa na watoto wanaolala, na nauli ya matatu usiku huo haina bei maalumu. Ongezeni ibada mbili: moja saa kumi na mbili jioni ya tarehe 24, nyingine saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya tarehe 25, kwa wanaotoka zamu. Kwa Wakatoliki Misa ya alfajiri tayari ipo kitabuni, na somo lake ni Luka 2:15-20, wachungaji wakienda kwa haraka hadi Bethlehemu. Somo la pili ni Tito 3:4-7, kwamba alituokoa si kwa sababu ya matendo ya haki tuliyoyatenda sisi, bali kwa rehema yake. Hatujui kama kuna masomo mengine yanayomfaa zaidi mtu aliyekesha getini na sare ya kampuni. Ibada hiyo iwe ya dakika 50 na isiwe na matangazo.

Viti vya mbele visiwekwe akiba kwa mgombea wala mfadhili. Yakobo 2 imesema wazi juu ya aliyevaa pete ya dhahabu. Akiba iwe kwa wazee, wajawazito na wenye ulemavu, na mkaribishaji amfikishe mtu kwenye kiti badala ya kumwonyesha kwa kidole. Asimuulize "umepotea wapi?" Swali hilo, hata likiulizwa kwa upendo, humlazimisha mtu atunge uongo mlangoni mwa kanisa. "Karibu, ninafurahi kukuona" linatosha.

Yapo mahubiri ya namna tatu ambayo tunaomba yaachwe. La kwanza ni la kuwakaripia "Wakristo wa Krismasi", wanaoonekana mara moja kwa mwaka. Sababu tunaielewa: mchungaji aliyewangoja miezi kumi na miwili amewapata na anaogopa hatawaona tena. Lakini wanaokaripiwa ndio waliojitahidi kuja.

La pili ni lile la kumwambia mtu ajiamini, kwamba anatosha, ana kipaji, mwaka ujao ni wake. Linapendeza masikioni kwa saa moja. Aliyefukuzwa nyumba Januari atalikumbuka kama ahadi iliyovunjwa na Mungu. Ukristo haumfundishi mtu kwamba anatosha. Unamfundisha kwamba kutotosha kwake hakukumzuia Mungu kuja. Mtaguso wa Chalcedon, baraza la maaskofu la mwaka 451, ulikiri Kristo kuwa Mungu kamili na mwanadamu kamili, na katika karne iliyotangulia askofu Gregori wa Nazianzo alieleza kwa nini hilo ni la kufa na kupona: kile ambacho Kristo hakukitwaa, hakikuponywa. Basi alitwaa vyote, uchovu, hofu, njaa, kutegemea wengine. Mtoto mchanga hawezi kushika shingo yake mwenyewe. Huyo ndiye tunayemkiri kuwa Bwana, na Waebrania 2:11 inasema haoni haya kutuita ndugu zake. Mtu anayejionea haya anahitaji kuambiwa hilo moja, taratibu, bila kuongezewa kingine.

La tatu ni gumu kidogo, kwa kuwa liko karibu na ukweli: kwamba usafishe moyo wako kwanza ndipo Yesu azaliwe ndani yake. Toba ni ya lazima, na Majilio yote, yale majuma ya kuingojea Krismasi, ni sauti ya Yohana Mbatizaji. Lakini toba ni itikio la aliyetembelewa. Ikihubiriwa kama kodi ya kulipwa kabla ya mgeni kuingia, wenye dhamiri nyepesi hudhani wamelipa na wenye dhamiri nzito hukata tamaa. Warumi 5:8 inaweka mpangilio: tulipokuwa tungali wenye dhambi.

Mombasa ina ushahidi wake. Misheni ya Rabai, aliyoianzisha mmisionari Krapf pamoja na mwenzake Rebmann mwaka 1846, ilipopata mtu wake wa kwanza hakuwa mzee wa kaya wala tajiri wa mifugo. Alikuwa Mringe, mlemavu mgonjwa aliyekuwa karibu kufa. Na Freretown, ilipo kengele iliyoipa Kengeleni jina lake, kanisa lake lilianza na watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa miaka ya 1870, watu waliokuwa wamepangiwa bei. Makanisa mengi ya pwani hii yana deni kwa watu hao.

Suala la Komunyo Takatifu hatutaki kuligusa zaidi ya tunavyostahili. Kila kanisa lina sheria yake kuhusu walio katika ndoa isiyobarikiwa. Tunaomba tu tangazo libadilike. Badala ya "wasioruhusiwa wabaki vitini", mchungaji au padri anayekubali kufanya hivyo aseme kwamba kila mtu anaweza kuja mbele, na asiyepokea akunje mikono kifuani apewe baraka. Safu yote itasogea pamoja.

Kuhusu misaada ya chakula: isitolewe mbele ya kanisa, wala mpokeaji asipigwe picha. Ipelekwe nyumbani tarehe 22 au 23, jioni, na watu wawili, katika mfuko usio na maandishi. Kwa familia ya watu watano mchele kilo 4, unga wa ngano kilo 2, mafuta ya kupikia lita 1, sukari kilo 1, ndengu kilo 1, majani ya chai, chumvi, vitunguu na nazi mbili vinatosha siku ya sikukuu na ya pili yake. Kinachosahauliwa kila mwaka ni moto. Mtu hupewa unga wa chapati na hana makaa. Ongezeni makaa au fedha za gesi. Nyama mbichi msipeleke mapema, kwa joto hili na bila friji itaharibika. Tumeni fedha ya kuku asubuhi ya tarehe 24. Na mkiweza kutuma fedha tupu kwa simu badala ya mfuko, ni heshima kubwa zaidi, kwa sababu mama atanunua alichokosa na watoto hawatajua kilikotoka.

Jambo la mwisho ni zito. Miongoni mwa wanaojiona hawatoshi wapo waliofika mahali pa kutaka kufa, na sikukuu huongeza uzito huo. Sikilizeni maneno kama "nimewalemea", "bora nisingekuwepo", au mtu anayegawa vitu vyake ghafla. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Humpa nafasi ya kupumua. Msimwache peke yake, ondoeni dawa na sumu zilizo karibu, pigeni 1199, laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu, au mpelekeni hospitali. Wengi hunyamaza kwa kuogopa polisi, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025, na waumini wanapaswa kulisikia hilo kutoka kwenu. Msiseme imani yake ni ndogo. Baada ya kila ibada ya Krismasi, wawili waliofunzwa kusikiliza waketi pembeni, mahali panapoonekana lakini pasiposikika, kwa nusu saa. Asiitwe mtu mbele wala kuombwa ainue mkono. Atakayetaka atakwenda.

Tunaomba haya yaingie kwenye ajenda ya kikao cha kamati kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, kila jambo likiandikiwa mhusika: nani anatafuta mifuko ya kitambaa, nani anapanga ibada ya alfajiri, nani anamzoeza msomaji wa ukoo, nani anapeleka chakula. Tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, Injili ya hua wawili itasomwa. Wakati huo karo ya muhula wa kwanza itakuwa imeshawabana wengi. Wapigieni simu wale mliowaona Krismasi kwa mara ya kwanza, waalikeni siku hiyo, na sadaka ya siku hiyo iende kwa watoto waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Ni sisi katika utumishi,

Makatekista, walimu wa Shule ya Jumapili na wakaribishaji, Mombasa